Lamu kwa Ajili ya Punda

Kwetu Singida punda hazeekei nyumbani. Akianza kusuasua njiani na madumu ya maji, mwenyewe humwachia ajitafutie malisho porini, na habari yake inaishia hapo. Wapo wanaogongwa na malori usiku kwenye barabara kuu, wapo wanaoliwa na fisi. Na kilipokuja kile kipindi cha machinjio ya punda Dodoma na Shinyanga, ngozi ikitafutwa kwa udi na uvumba, walioibwa zizini hawakuwa wazee wala wagonjwa. Walikuwa punda wa kazi, tegemeo la nyumba. Mama yangu alitulea kwa mgongo wa punda: maji ya kisima, kuni, magunia ya uwele, na hata bibi alipougua alifikishwa zahanati kwa mkokoteni wa punda. Kwa hiyo marehemu baba aliponiachia ekari nne nje ya mji, nilijua nitazifanyia nini. Nilitaka pawe makazi ya punda waliochoka.

Ardhi ilikuwepo, nia ilikuwepo, ujuzi ndio haukuwepo. Vitabu vya kutunza wanyama nilivyovipata viliandikwa kwa watu wenye malisho mabichi mwaka mzima na daktari wa mifugo wa kupigiwa simu. Sisi tuna kiangazi cha miezi saba, na afisa mifugo mmoja mwenye pikipiki moja na kata nzima ya kuizungukia. Ni huyohuyo afisa mifugo aliyenielekeza. Alisema kama nataka kuona punda wakitunzwa na watu wasio na fedha za kuchezea, niende Lamu, ambako tangu mwaka 1987 kuna kituo cha punda. Bahari sikuwahi kuiona, na Kenya sikuwahi kukanyaga. Nikauza mbuzi wawili, nikafunga safari.

Njia yangu ilipita Arusha na Moshi, nikavuka mpaka Holili, nikashika Taveta na Voi hadi Mombasa. Kutoka Mombasa basi liliondoka alfajiri kuelekea kaskazini: Kilifi, Malindi, kisha Garsen, ambako daraja linauvuka Mto Tana uliojaa maji mekundu ya udongo. Baada ya Garsen nchi inakuwa tambarare na vizuizi vya polisi vinaongezeka. Tulikuwa tunashuka na vitambulisho mkononi, tunakaguliwa, tunapanda tena. Jirani yangu kitini alikuwa mama mtu mzima aliyekuwa akirudi kwake Witu. Aliniuliza naenda Lamu kwa nani. Nikamwambia siendi kwa mtu, naenda kujifunza habari za punda. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Punda wana wenyewe, mwanangu. Ukimtaka punda, anza na mwenyewe." Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari kabla hatujafika Mokowe, ambako lami inaishia na mtu hana budi kupanda boti.

Lamu unaisikia kabla hujaielewa. Gatini majahazi yalikuwa yakishusha mchanga, saruji, unga na mawe ya matumbawe, na punda wamesimama kwa safu wakipakiwa. Mji wenyewe, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, una vichochoro vyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana mmoja hupisha. Nyuma yako mtu anapaza sauti, "Simile! Simile!" nawe unajibana ukutani, punda wanne wanapita na mchanga wao, hawashikwi wala hawaswagwi, wanakata kona wanazozijua wenyewe. Pikipiki zimeanza kuingia pembezoni mwa mji, lakini jiwe la kujengea bado linafika mlangoni kwa mgongo wa punda. Hapo nilipata jambo la kwanza la kuandika: huwezi kuwatunza punda wa mahali bila kujua wanabeba nini, wanakwenda umbali gani, na nani anakula kwa jasho lao.

Kituo kipo ufukweni, upande wa kaskazini mwa bandari. Nilitarajia eneo kubwa. Nilichokuta ni ua wa wastani wenye kuta, kivuli, mabirika ya maji safi na chumba cha matibabu, na punda wachache tu ndani: mgonjwa, kikongwe, na mwanapunda aliyefiwa na mama. Punda wote wengine wa kisiwa, wanaohesabiwa kwa maelfu, wako nje, kazini, mikononi mwa wenyewe. Asubuhi wenyewe huja nao mlangoni, matibabu hutolewa bure, wanaondoka nao. Nilikaa kwenye kibaraza nikiutazama mlango ule kwa saa nyingi. Kazi kubwa ya kituo ilikuwa inaingia na kutoka.

Mwanzilishi wa shirika lililokijenga, Elisabeth Svendsen, alikuwa Mwingereza aliyekuwa na hoteli huko Devon. Alianza kwa kununua punda mmoja. Mwaka 1969 akaanzisha shirika lake, na miaka michache baadaye akaachiwa kwa wasia punda 204 kwa mpigo, kutoka kwa mwanamke mwingine aliyekuwa na kituo chake upande wa Reading na aliyefariki dunia. Wanaosimulia kisa hiki humsifu Svendsen kwa kuwapokea, na anastahili sifa. Mimi huwa namfikiria zaidi yule marehemu. Punda 204 aliowaokoa kwa mikono yake, na siku alipofumba macho, uhai wao wote ukategemea mtu mmoja kukubali au kukataa. Anayeanzisha kituo cha wanyama anaahidi miaka mingi, kwa kuwa punda anayetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 30 na kupita. Mimi nina miaka 46. Hesabu hiyo nimeifanya, na kwa sababu yake majina ya mdogo wangu na binti yangu yameingia kwenye karatasi za usajili kabla punda yeyote hajaingia zizini.

Aliyenifundisha zaidi ni kijana wa Kiamu anayefanya kazi ya kuwahudumia punda, mtulivu, mwenye mikono mipana. Hakuniruhusu kumgusa punda yeyote kwanza. "Mato kwanda," aliniambia, macho kwanza. Nisimame mbali, nitazame. Masikio yanageuka kufuata sauti au yamelala? Anasimama kwa miguu yote minne sawasawa au mmoja anaupumzisha kila mara? Anakula, au ameshika majani mdomoni bila kutafuna? Punda haonyeshi maumivu kama farasi. Farasi akiumwa tumbo atajigaragaza, atajipiga teke ubavuni, kila mtu atajua. Punda atasimama pembeni tu, kimya, kichwa chini, na mwenyewe atasema leo amekuwa mtiifu. Utulivu huo umewaua punda wengi, kwa sababu anayeonekana mvivu asubuhi anaweza kuwa maiti jioni.

Nililishuhudia hilo kwa karibu. Mzee mmoja alimleta jike wa rangi ya majivu, akasema hajala tangu jana. Yule kijana alimfunua mdomo wa juu, akaukandamiza ufizi kwa kidole gumba mpaka ukawa mweupe, akaachia, akahesabu. Damu inatakiwa kurudi ndani ya sekunde mbili. Ilichelewa. Akaweka stetoskopu nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele: moyo wa punda mzima aliyetulia hupiga mara 40 na ushee kwa dakika, huyu alikuwa amepita 70. Akaihamishia ubavuni, kulia na kushoto, juu na chini, akanipa na mimi nisikilize. Tumbo la punda mwenye afya halinyamazi. Linanguruma na kububujika muda wote. Hapa palikuwa kimya kabisa. Daktari aliitwa. Alivaa glavu ndefu, akaingiza mkono nyuma, akatoa kinyesi kidogo kilichokauka chenye uzi wa bluu. Ulikuwa ukingo wa mfuko wa plastiki.

Lamu punda wakimaliza kazi jioni huachiwa, wakazurura mjini wakitafuta chochote. Nyasi kisiwani ni chache, jaa ni jingi. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 28 Agosti 2017, na bado plastiki za kufungia bidhaa, kamba na magunia ya nailoni zimejaa pwani. Maganda ya matunda na ugali uliobaki hutupwa humohumo ndani ya plastiki, punda akanusa chumvi na utamu, akameza vyote. Tumboni haviyeyuki. Vinajisokota pamoja na nyasi mpaka vinakuwa donge linaloziba utumbo, na punda hana uwezo wa kutapika. Walimpa jike yule mafuta kwa mpira kupitia puani, maji, na dawa ya maumivu. Mzee alikaa chini ukutani karibu naye usiku ule, kanzu yake ikiwa imeshika vumbi, akisema naye maneno ambayo sikuyasikia. Kabla ya adhuhuri ya siku iliyofuata daktari alimchoma sindano ya kumpumzisha, kwa idhini ya mzee, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine isipokuwa kumwacha ateseke.

Naliandika hili kwa sababu wengi tunaota kituo cha wanyama tukiwa na picha ya kuokoa peke yake. Asiyeweza kufikia uamuzi ule, au asiyekuwa na daktari wa kuutekeleza kwa haki, hajawa tayari kupokea wanyama. Na uamuzi uandikwe mapema, kichwa kikiwa kimetulia: ni hali gani tutatibu, ni hali gani tutampumzisha, na nani mwenye kauli ya mwisho. Uchungu wa saa ile si mshauri.

Lilikuwepo jambo jingine siku ileile ambalo vitabu vinalitaja na ambalo mimi sikulipa uzito hadi nilipoliona. Mzee alikuwa na punda wa pili, dume aliyehasiwa, aliyefanya kazi na marehemu miaka yote. Walimleta, wakamwachia asimame karibu na mzoga. Alimnusa usoni, akamgusa shingo kwa midomo, akazunguka, akarudi, na baada ya muda mrefu akaondoka mwenyewe kwenda kunywa maji. Punda hufungamana wawili wawili. Ukimtenga na mwenzake ghafla, anaweza kuacha kula, na punda asiyekula, hasa aliyenenepa, mafuta ya mwilini humwagika ndani ya damu na kuharibu ini. Ndani ya siku chache naye anakufa. Ndiyo maana humwachia mwenzake auone mwili. Na ndiyo maana hakuna kituo kinachojiheshimu kinachopokea mmoja wa jozi na kumwacha mwingine.

Kwato zilinichukua muda mrefu zaidi kuzielewa. Kwetu ardhi ina mawe, kwato hujisaga zenyewe. Lamu ni mchanga. Hazisagiki, hukua mbele kama viatu vya mtu mwingine, na punda hubadili mwendo mpaka kano za nyuma ya mguu zinaumia. Hukatwa kila baada ya wiki sita hadi kumi, kwa kisu kilichopinda na tupa. Kijana aliniwekea mguu wa punda mpole kwenye paja langu, akanionyesha sehemu laini ya katikati isiyoguswa na kuta za pembeni zinazosawazishwa. Unakata kidogo, unamwachia aukanyage, unatazama anavyosimama, unarudia. Harufu mbaya ikitoka chini ya kwato, kuna uozo, na uozo unasema zizi lina unyevu. Kwa hiyo kosa la zizi unalisoma mguuni.

Meno nayo hukua maisha yote. Yakisagika upande mmoja, kingo kali huchana mashavu. Punda mzee utamkuta anatema vidonge vya nyasi zilizotafunwa nusu. Mwenyewe anadhani hapendi chakula, kumbe hawezi. Huyo huhitaji kukatiwakatiwa chakula na kulowekewa, kila siku, hadi mwisho wake. Hicho ndicho kifungu cha gharama nilichokisahau kabisa nilipopiga bajeti yangu nyumbani.

Niliandika hesabu upya, usiku, kwenye chumba nilichopanga mtaa wa Langoni. Punda wa kwetu ana uzito wa kilo 150 hivi. Anahitaji chakula kikavu kiasi cha asilimia moja na nusu ya uzito wake kwa siku, yaani kilo mbili na robo, kikiwa zaidi ni nyasi kavu na mabua, nafaka kidogo sana au hakuna. Punda 10 ni kilo 22 na nusu kwa siku, zaidi ya tani nane kwa mwaka, na karibu tani tano kati ya hizo ni za kiangazi ambapo ekari zangu hazitoi kitu. Maji lita 15 kila mmoja, yaani madumu saba hadi manane kila siku, wakati kisima chetu Oktoba hutoa matope. Nikapunguza idadi hadi sita. Kesho yake daktari aliitazama hesabu yangu, akaniuliza nimeweka wapi mwaka ambao mvua haitanyesha. Nilikuwa sijauweka popote. Alinishauri nisimpokee punda wa kwanza kabla ghala halijawa na chakula cha kiangazi kizima, na fedha ya miezi kadhaa imekaa pembeni bila kuguswa, halafu niamue idadi ya mwisho na kuiandika ukutani ambapo kila mgeni ataisoma. Watakaoleta punda wa saba watalia, alisema, na mimi nitalia nao, ila punda wa saba huwanyima chakula wale sita.

Kuhusu chakula kuna onyo ambalo kila mfugaji wa kanda ya kati anapaswa kulijua. Mahindi yenye kuvu, yale tunayoyabagua ghalani na kuwatupia wanyama, humuua punda: sumu ya kuvu huharibu ubongo wake, anazungukazunguka, anagonga kuta, anaanguka. Mtama mchanga nao una sumu. Nimeshaona punda wakifa hivyo kijijini kwetu na watu wakatafuta mchawi.

Mengine niliyojifunza ni ya utaratibu. Mgeni hakai na wenyeji kabla ya wiki tatu za karantini, vyombo vyake mbali, ahudumiwe wa mwisho. Kinyesi kiokotwe malishoni, maana mayai ya minyoo yamo humo, na dawa ya minyoo itolewe kwa uzito uliopimwa, si kwa kukisia. Madume yahasiwe, kwa sababu yasipohasiwa yanaumizana, na kwa sababu kila mwanapunda anayezaliwa kituoni amechukua nafasi ya mzee aliyeko barabarani. Kila punda na ukurasa wake daftarini: alama, meno, uzito, alikotoka, aliyemleta.

Mlango ule wa kituo ulinirudisha kwenye maneno ya mama wa Witu. Mzee mmoja wa Langoni, fundi wa kushona shogi, yaani tandiko la mizigo la punda, aliniita barazani kwake asubuhi moja akaniambia nikae nitazame. Alikuwa anajaza makumbi ya nazi yaliyochambuliwa kwenye mito miwili mirefu, inayokaa pande mbili za uti wa mgongo ili mzigo usiuguse mfupa hata kidogo. Alinichukua mkono akaupitisha chini ya shogi mgongoni mwa punda wake. "Mkono upite mpaka huku. Ukikwama wewe, yeye anachubuka." Kamba ya chini ya mkia aliivisha kitambaa cha pamba, akanionyesha kwa punda wa jirani alama ya kamba ya nailoni: jeraha jekundu lililozunguka shina la mkia, nzi wamelijaza. Jeraha lile kituo hulitibu wiki nzima. Kitambaa kinapatikana kwenye kanga iliyochakaa.

Mzee yule hakufundishwa na mtu wa kituo, alirithi kwa baba yake. Lakini kituo kimewapa mafundi na wenye punda kama yeye heshima waliyostahili, kwa mashindano ambayo punda waliotunzwa vizuri hushindanishwa na wenyewe wakazawadiwa. Vijana wa Lamu wana mashindano mengine ya punda yanayopendwa zaidi, yale mbio za wakati wa Maulidi, na bingwa wake hutembea kifua mbele mwaka mzima. Mtoto anayeota ushindi hampigi punda wake. Nimeona vituo vya wanyama vinavyoanza kwa kuwaaibisha wenye mifugo, kuwapiga picha na kuwashtaki. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na wapo wanaostahili kufikishwa mbele yake. Lakini yule mama wa kijijini mwenye punda mmoja na watoto sita hamchubui kwa ukatili. Hana kitambaa, hajaonyeshwa, na hakuna aliyemwambia kwamba punda wake ni mali ya kuonewa fahari. Tumezoea kusema shukrani ya punda ni mateke. Nimewakagua wengi sasa, na kila aliyenipiga teke alikuwa na kidonda mahali nilipomgusa.

Hatari kubwa kwa punda wa kwetu haiko zizini wala jaani. Ngozi yake huchemshwa kutoa gundi inayotumika katika dawa ya Kichina iitwayo ejiao, na njaa ya ngozi hiyo iliifikia Afrika kwa kishindo. Kenya ilihesabu punda takriban milioni 1.8 katika sensa ya 2009. Ya 2019 ilikuta karibu milioni 1.2. Kenya ilipiga marufuku uchinjaji mwaka 2020, mahakama ikatengua mwaka uliofuata. Tanzania nayo ilizuia, na Februari 2024 mjini Addis Ababa viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku biashara ya ngozi ya punda barani kote. Nafurahi kwa uamuzi huo kwa moyo wote. Lakini mwizi wa usiku hasomi maazimio. Lamu bahari inawalinda punda kiasi, maana kuwatoa kisiwani bila kuonekana ni kazi. Singida hakuna bahari. Zizi langu litakuwa na mlinzi na mbwa kabla ya kuwa na bango, na kila punda wa kijiji atawekewa alama na kuandikwa, wa kwangu na wasio wangu.

Nilirudi kwa njia ileile. Mpango niliokuja nao kutoka Lamu si ule niliokwenda nao. Mwaka wa kwanza sehemu kubwa ya fedha haiendi zizini. Inakwenda mnadani, ambako wenye punda hukusanyika kutoka kata zote, na ambako afisa mifugo amekubali tuweke meza ya matibabu ya bure: kwato, vidonda, minyoo, na vitambaa vya pamba kwa kila atakayetoa kamba ya nailoni. Taasisi tunaisajili kwa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, ikiwa na bodi isiyo ya ndugu watupu. Shogi za mito miwili tutazishona wenyewe. Makumbi ya nazi hatuna, lakini katani ipo, na fundi wa magodoro wa mjini ameshashona ya kwanza, nimepitisha mkono chini yake mpaka upande wa pili.

Zizi lina nafasi sita, na namba hiyo imepakwa rangi ukutani. Nafasi mbili zimeshapata wenyewe: jike na dume aliyehasiwa wa jirani yetu, waliovuta mkokoteni mmoja tangu wakiwa vijana, meno yao sasa yameisha. Wataingia pamoja baada ya mavuno, ghala likijaa. Jirani alitaka kunikabidhi na kuondoka. Tumekubaliana vingine: kila Ijumaa ataleta mzigo wa mabua, atasaidia kuokota kinyesi, na siku daktari akiniambia saa ya mmoja wao imefika, ataitwa na atakuwepo. Hajui kuandika, kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji alimsomea masharti yote kwa sauti, mara mbili, naye akaweka dole gumba.